Kaimati ya Chini ya Bakuli

Mpendae,
Jumatatu, 9 Novemba 2020

Mwanakheir,

Salamu sikupi, maana nikikupa nitakuwa mnafiki, na dhambi zangu za mwaka huu zinanitosha. Siku ulipoolewa na mume wangu niliapa kwamba sauti yako haitoingia sikioni mwangu, na kiapo changu bado kipo pale pale. Ndiyo maana naandika. Simu zangu walizichukua wale waliokuja kupekua nyumba, na hata lau ningekuwa nazo nisingekupigia. Barua hii atakuletea Silima, muuza samaki wa huko kwenu, anayeleta biashara yake sokoni kwetu.

Kwanza nataka tusemezane habari ya zamu. Abdulrazak alisoma matokeo ya kura za vituo vya mtaa wetu kwa spika zake, zile zile anazokodisha harusini na kwenye maulidi, akasoma mpaka wakamkatia umeme. Kila mtu alijua kwamba watamtafuta. Usiku uliofuata ulikuwa wangu. Nilipika, nikafukiza udi, nikakaa. Asubuhi naletewa habari kwamba watu walioziba nyuso wamemkamata mlangoni kwako Matemwe, wakamtia kwenye gari isiyo na namba. Mpendae nzima inajua kwamba mume kakamatwa kwa mke mdogo usiku wa mke mkubwa. Hilo nililimeza.

Lakini hili la jana halimezeki. Kila siku nampelekea chakula kituo cha polisi. Nasimama langoni na wanawake wenzangu, anatoka sajini mmoja mnene, mpole wa ulimi, anapokea bakuli langu la maua, ananiambia nisubiri, kisha ananirejeshea. Jana nilipeleka kaimati, zimelowa shira. Tangu siku tuliyooana, Abdulrazak akila kaimati zangu huacha moja chini ya bakuli. "Hii ya mpishi," husema. Hata tukiwa tumegombana, hatuangaliani usoni, ile moja huiacha. Jana bakuli limerudi halina kitu. Na limeoshwa, Mwanakheir! Limeoshwa kwa sabuni ya ndimu na kufutwa kwa kitambaa. Abdulrazak hajapata kuosha kijiko katika maisha yake.

Nikamuuliza sajini. Akacheka, akaniambia, "Mama, mke mdogo alikuwemo ndani. Kala naye, na vyombo kaosha yeye."

Basi umekula kaimati yangu. Mimi nasimama juani na bakuli, wewe unafunguliwa mlango. Kwa kipi ulichonacho nisichokuwa nacho? Kanga uliyovaa kwenye harusi ya jirani yangu niliisoma vizuri: mla ni mla leo, mla jana kala nini. Nikajua ni mimi unayenisema. Sasa nakutaka uache kwenda. Niachie mimi mpaka atoke, na akitoka tutagawana tena kama sharia inavyosema.

Nassra,
mkewe wa kwanza

*

Matemwe,
Jumatano, 11 Novemba 2020

Bi Nassra,

Shikamoo. Hata usipoitikia, mimi nimekuamkia.

Kanga ile nilipewa zawadi na mama yangu, nami niliivaa kwa sababu ilikuwa mpya. Sikukusudia kukusema, ingawa sitokuficha kwamba ulipoisoma ukabadilika uso, nilifurahi kidogo.

Mlango ule sijauvuka hata mara moja. Kila nikifika, sajini huyo huyo huniambia, "Wewe rudi zako shamba. Mke mkubwa yumo ndani, anamlisha kwa mkono wake." Nami hurudi, kwa sababu wewe ndiwe mkubwa na mkubwa hapigwi kikumbo. Nikifika nyumbani hufunga duka, nikalia, si kwa huzuni tu. Nalia kwa wivu. Nafikiri, anamlishaje? Anamtolea miiba ya samaki? Anamfuta mdomo? Mimi hajapata kuniachia nimlishe hata tonge moja.

Na vyombo vyangu pia vinarudi vimeoshwa. Nilidhani ni wewe. Nilisema moyoni, hata masufuria yangu anayatia mkono, ili nijue nani mwenye nyumba.

Siku ya pili baada ya kumchukua nilileta dawa yake, nimeitia ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Sajini akanirudishia, akasema, "Dawa keshaletewa na mke mkubwa." Hapo nilikatika maini. Kitu kimoja tu cha mume huyu kilikuwa changu peke yangu, nacho ni dawa ile, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimtia kwa mkono wangu. Basi kakwambia na wewe. Sawa, ni haki yako. Ila nakuomba kwa jina la Mungu unijibu: unampa asubuhi na jioni? Akiikosa hatokuwa yule yule tunayemjua. Jina lake sitalitaja, barua siku hizi hufunguliwa.

Mwanakheir

*

Mpendae,
Alkhamisi, 12 Novemba 2020

Ewe mwanamke,

Kumbe! Nimesoma mara mbili nikidhani macho yangu yana ukungu. Dawa! Umemtia kwa mkono wako, na jina lake huthubutu kulitaja! Mama yangu mdogo alinambia zamani: "Nassra, mume mwenye mvi haendi Matemwe kufuata samaki. Huyo kalishwa." Nikamkemea, nikamwambia Abdulrazak si mtu wa kulishwa limbwata. Leo mwenyewe umekiri kwa wino.

Umeipata wapi? Kwa mganga gani? Ndiyo maana akirudi kutoka kwako alikuwa mchovu, anakunywa maji kama mwenye kuzimia, anakwenda chooni kila saa. Nikimuuliza anasema jua. Jua gani la miaka hii miwili, lisilowaka ila Matemwe? Mume yumo mikononi mwa watu wasiomuogopa Mungu, na wewe hofu yako ni asije akazinduka akakukimbia!

Mimi sijampelekea dawa yoyote. Mimi natia chumvi na nazi. Huyo sajini ni mwongo kama wewe, na hilo la kumlisha kwa mkono nalo ni uongo, kwa sababu mimi hata kivuli chake sijakiona tangu wamchukue. Kama ningeruhusiwa kuingia, ungedhani ningekuandikia wewe?

Usinijibu.

Nassra

*

Matemwe,
Jumamosi, 14 Novemba 2020

Bi Nassra,

Shikamoo. Nakujibu.

Ni dawa ya sukari. Insulini, ya sindano. Nimeiandika, na wakiifungua barua waifungue.

Mwaka jana alikuja kufunga spika kwenye harusi ya huku, akaanguka juu ya nyaya zake. Tulimpeleka hospitali, wakampima, wakasema sukari imeshapanda mno, vidonge havitoshi. Alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa: "Nassra asijue." Nilichukia. Nilimwambia, mimi si kabati la kufichia mambo. Akanihadithia jinsi ulivyomuuguza mama yako, walivyomkata vidole, kisha mguu, kisha mwenyewe akaondoka, na jinsi ulivyokaa mwaka mzima huwezi kuona sindano ukatulia. Akasema, "Nassra hatouguza sukari mara ya pili. Mimi sitomfanyia hivyo." Basi dawa ikakaa kwenye friji la duka langu, nyuma ya juisi, na huko kwako akawa anajichoma chooni kwa siri. Zile safari za chooni ndizo hizo.

Kaimati nilimwambia azikatae. Alinijibu, "Nikizikataa atajua." Alikuwa akila mbili tatu mbele yako, nyengine akizitia mfukoni, akigawa njiani, kisha anazidisha dawa. Bi Nassra, kwako alikwenda kula kaimati na kufukiziwa udi. Kwangu alikuja kuchomwa sindano na kulala kama gogo. Wewe umeniona mwizi miaka yote hii, nami nimekuona bibi harusi asiyezeeka. Nani hapo amuonee wivu mwenzake?

Na usiku ule haukuwa wangu. Aliifuata dawa tu, kwa sababu alisikia barabara zitafungwa, akataka awe nayo huko kwako. Hata kukaa hakukaa. Nilimwambia anywe maji, akasema, "Nassra ananingoja." Maneno hayo niliyasikia vibaya, nikamnunia, sikumsindikiza. Walimkuta mlangoni na kifurushi mkononi. Sikukuibia zamu yako.

Sasa tulia unisikilize. Unasema hujamuona. Mimi sijamuona. Unasema hukupeleka dawa. Mimi nimerudishiwa. Na mume mwenye sukari hamalizi bakuli zima la kaimati hata kwa kulazimishwa. Nani anakula vyakula vyetu? Nani anaosha vyombo?

Mwanakheir

*

Mpendae,
Jumapili, 15 Novemba 2020

Mwanakheir,

Nimeisoma barua yako nimekaa sakafuni jikoni, na sufuria ikaungua, sikuinuka.

Nina hasira na yeye. Mama yangu nilimuuguza mimi, sikufa. Alikuwa na haki gani ya kunipimia mzigo na kusema huu Nassra hauwezi, apelekewe Mwanakheir? Nina hasira na wewe pia, kwa sababu umemjua mume wangu akiwa mgonjwa, mimi nimeachiwa yule mzima wa maonyesho. Hasira hii nitakuja kuimaliza baadaye. Leo haina nafasi.

Wametufanya watoto wadogo. Wewe unaambiwa mimi nimo ndani, mimi naambiwa wewe umo ndani, kila mmoja anarudi kwake na kifundo chake moyoni, hakuna anayepiga kelele. Hawakuhitaji hata bunduki. Wametuona tunavyotazamana, wakajua yatosha. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Jumanne njoo mjini. Lete dawa na barafu. Nikute Forodhani, upande wa bahari, mchana, kabla wauzaji hawajapanga meza zao. Vaa baibui jeusi na ninja ya kufunika uso, nami nitavaa hivyo hivyo, sajini asitujue nani mkubwa nani mdogo. Tutakwenda pamoja.

Kuhusu kiapo changu, nitafunga siku tatu za kafara. Sauti yako nitaisikia.

Nassra

*

Matemwe,
Alkhamisi, 26 Novemba 2020

Bi Nassra,

Shikamoo.

Tangu tuachane siku ya maziko sijui nikuandikie nini. Wewe umo ndani ya eda yako huko, nami nimo ndani ya yangu huku, na kila mmoja nyumba yake. Watu wote wamekuja kwako kutoa mkono wa tanzia. Kwangu wamekuja majirani na wanawake wanaolima mwani. Nimeona wivu hata kwa hilo, Mungu anisamehe.

Nakumbuka lango tu. Tulivyosimama na sajini akakutazama wewe kwa sababu wewe ndiye ulishika bakuli, akasema, "Mama, leo umechelewa, mwenzio yumo ndani tangu asubuhi." Ukanishika mkono ukauinua juu. "Mwenzangu yupi? Mwenzangu ni huyu hapa. Sisi ndio wake zake, wa tatu hana. Au mmemuozesha humo ndani?" Watu walicheka, Bi Nassra. Nami nilicheka, nikiwa nimeshika chupa ya barafu. Kisha yule bibi aliyekuwa nyuma yetu akalitazama bakuli lake alilorejeshewa. Akalinusa: sabuni ya ndimu. Akampa wa pembeni yake naye akanusa. Mara lango zima, wanawake wote wananusa vyombo vyao.

Sajini hakusema tena mama. Alifunga mlango. Na alasiri ndipo walipomfuata shemeji Jecha waende hospitali kuchukua maiti.

Jecha alimuosha ndugu yake. Kwangu amekuja kusema, akiwa ameufunika uso kwa kofia yake. Amesema si maiti ya jana wala ya juzi. Amesema mikono, na mbavu, na kwamba nyayo zake hakuweza kuzigusa. Kwa hiyo vyakula vyetu vyote, tangu bakuli la mwanzo, alikuwa hayupo wa kuvila. Hata zile siku tulizozipoteza kwa kutukanana alikuwa keshaondoka. Nakwambia hili usije ukajilaumu kwa ile barua ya limbwata.

Lakini mimi nani atanifariji? Wanasema kafa kwa sukari. Wametangaza: mahabusu alikuwa mgonjwa wa sukari, familia yake wenyewe wanajua. Wamelijuaje neno hilo? Nimewapa mimi. Siku ile ya pili, sajini alipokataa chupa yangu, nilishika nondo za lango nikapiga ukelele: "Ana sukari! Jamani mume wangu ana sukari, atakufa!" Sikukuandikia hayo. Nimewapa sanda ya kumfunikia makosa yao, Bi Nassra, nimewapa kwa mdomo wangu. Aliniamini kwa neno moja tu nisilitoe.

Mwanakheir

*

Mpendae,
Jumapili, 29 Novemba 2020

Mwanakheir,

Marahaba. Nakuitikia zote kwa pamoja, na zile ulizoniamkia nikazinyamazia.

Sikia. Kuolewa na mume wangu sijakusamehe, na huenda nisikusamehe. Nikimfikiria amelala kwako kama gogo, amechoka, hana haja ya kujifanya mzima, nahisi moto hapa kifuani. Kwangu hakupata kulala hivyo. Nilidhani mapenzi ni kule kuvaa vizuri na kucheka, kumbe mwenzangu alikuwa anapewa ule uchovu. Ningeubadilisha na kaimati zote nilizokaanga.

Lakini kwa neno sukari huna kosa. Usijitwike mzigo usio wako. Ulipiga kelele mumeo asife. Mke gani angenyamaza? Lau hukusema sukari, wangesema moyo, au kaanguka ngazini, au kajinyonga kwa kanzu yake. Neno la kusema huwa wanalo tayari. Sukari haivunji mbavu. Sukari haichomi nyayo. Jecha kaona, nami nimemwambia kila aliyekuja kunipa pole, mmoja mmoja, na kila mmoja kabeba maneno hayo kwake. Wamezichukua spika za Abdulrazak. Midomo ya wanawake wa matanga hawajaizima.

Na wewe sema huko Matemwe. Wakija kukuuliza umeambiwa na nani, waambie umeambiwa na mke mkubwa.

Juzi mikono yangu ilikaanga kaimati bila ya kuniuliza. Nilishtukia unga umeumuka na shira imeshachemka. Nikakaa nazitazama, sina wa kumpelekea. Basi nakuletea wewe, kwa Silima, ndani ya bakuli lile lile la maua. Najua hujapata kuzionja, hakuthubutu kukuletea. Alikuwa akizipenda kuliko roho yake, na sasa najua kwamba huo haukuwa msemo.

Nassra

*

Matemwe,
Jumanne, 1 Disemba 2020

Bi Nassra,

Shikamoo.

Nimesema. Nimewaambia wanawake wa mwani, nao wamewaambia waume zao. Jana wamekuja watu wawili dukani, mmoja kavaa miwani ya jua. Nilizungumza nao nikiwa nyuma ya pazia. Wakauliza nani anaeneza habari za mbavu na nyayo. Nikawajibu, mke mkubwa. Wakauliza, huyo mke mkubwa yuko wapi? Nikawaambia, "Yumo ndani. Rudini zenu."

Waliondoka. Watarudi, najua. Mlango nimeufunga kwa komeo na mama yangu amehamia kwangu.

Kaimati zako nimekula nikilia. Nilitaka ziwe mbaya. Miaka yote nilijiambia kwamba anakuridhisha tu, kwamba hakuna kaimati ya kumtia mtu khatarini. Kumbe ni tamu kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Lau ningekuwa yeye, nami nisingezikataa.

Bakuli lako analo Silima. Sikuliosha. Iliyobaki chini ni ya mpishi.

Mwanakheir,
mwenzio